Nataka kila mtu nyumbani awe na folda yake ambayo mwingine hawezi kuifungua

Nuru_K

Habari zenu wakuu. Naomba mnivumilie kwa maelezo marefu, maana nimeshasoma majibu mengi ya mkato na hayajanifikisha popote.

Nyumbani tuko watano: mimi, mume wangu, mama yangu mzazi, binti yetu wa miaka 17 na mdogo wake wa miaka 12. Kwenye kona ya sebule kuna kompyuta ya mezani ya Windows 10 isiyozimwa, imechomekwa diski ya nje ya TB 2. Hilo ndilo ghala letu. Picha zote, vyeti vilivyoskaniwa, kazi za shule, mafaili ya kazi ya mume wangu, vyote vimo humo, na kila mmoja anaingia kwa laptopu au simu yake kupitia Wi-Fi. Nilipoiunganisha miaka mitatu iliyopita nilitaka tu kazi iishe. Nikashiriki diski nzima kwa Everyone, nikazima lile sharti la paswedi, ikakubali, nikasahau.

Wiki mbili zilizopita mwanangu alikuwa anatafuta video ya siku yake ya kuzaliwa. Akakutana na folda inayoitwa "Mama vipimo". Humo nilikuwa nimeweka majibu ya hospitali ya mama, niliyoyaskani ili niyasome kwa utulivu kabla ya miadi yake. Mtoto akayasoma. Siku tatu nzima hakusema neno. Siku ya nne, nimeshazima taa ya chumbani kwake, akaniuliza gizani: "Bibi atakufa lini?"

Mama alikuwa bado hajawaambia watoto. Nilipomweleza hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikuwa natafuta siku ya kuwaambia mwenyewe." Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo. Mtoto hana kosa. Hakuvunja chochote, alifungua mlango nilioacha wazi mimi.

Sasa nataka hivi: kila mtu awe na folda yake ambayo wengine wanne hawawezi kuifungua, na iwepo moja ya picha ambayo ni ya wote. Nilichojaribu:

Niliificha folda kwa kuweka alama ya Hidden. Kwenye laptopu ya binti yangu ikaonekana vilevile, kwa sababu kwake amewasha kuonyesha vilivyofichwa.

Nilitafuta mahali pa kuiwekea folda paswedi. Sijapaona.

Nilifuata miongozo inayosema bofya kulia, ingia Properties, kisha Security. Kwangu hiyo Security haipo! Nikibofya folda iliyoko kwenye diski ya ndani, yaani C, ipo. Kwenye diski ya nje naona General, Sharing na vingine, ila Security hakuna. Nimekwama hapo.

mshumaa77

Unaposhiriki folda, mwisho wa jina weka alama ya dola, mfano mama$. Haitaonekana kwenye orodha ya mtandao. Kazi imeisha.

FundiWaya

Dada Nuru, pole sana, na umfikishie mama pole zetu.

Jibu umeshalitoa mwenyewe. Security ikiwepo kwenye C na ikakosekana kwenye diski ya nje, basi hiyo diski ya nje imefomatiwa kwa exFAT au FAT32. Bofya kulia jina la diski, Properties, usome mstari wa File system. Mifumo hiyo ya faili haina mahali pa kuandika nani mwenye faili na nani anaruhusiwa kuigusa. Hata ungekesha unatafuta, usingepata pa kuweka ruhusa za mtu mmoja mmoja, kwa sababu diski yenyewe haina pa kuzihifadhi. Diski nyingi za nje huuzwa zikiwa hivyo ili zisomeke kwenye Windows na Mac bila shida.

Unahitaji NTFS, mfumo wa faili wa Windows wenye mahali pa kuandika ruhusa hizo. Ikiwa ni FAT32, Windows ina amri ya convert inayogeuza bila kufuta kitu. Ikiwa ni exFAT, amri hiyo inakataa; itabidi unakili kila kitu kwenye diski nyingine, ufungue faili kadhaa kuhakikisha nakala ni nzima, ndipo ufomati. Usifomati kabla ya kuhakikisha. Nimeshuhudia mtu akipoteza picha za harusi kwa haraka hiyo.

Baada ya hapo tengeneza akaunti tano kwenye ile kompyuta ya sebuleni, kila moja na paswedi yake. Paswedi ni lazima, kwa sababu kwa kawaida Windows haimruhusu mwenye akaunti isiyo na paswedi kuingia kupitia mtandao. Kisha rudisha lile sharti la paswedi ulilolizima. Likiwa limezimwa, mtu anaweza kuingia kama mgeni asiye na jina, na kompyuta haiwezi kumtofautisha bibi na mjukuu.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Ruhusa ziko mahali pawili. Kuna zile za Sharing, chukulia ni geti la nje, na kuna zile za Security, chukulia ni mlango wa chumba. Anayekuja kwa mtandao anapita vyote viwili, na penye ukali zaidi ndipo panapomzuia. Lakini aliyekaa kwenye kiti mbele ya kompyuta yenyewe hapiti getini kabisa, anakutana na mlango wa chumba peke yake. Kompyuta yenu iko sebuleni, kwa hiyo kufuli liweke mlangoni. Kwenye Sharing waruhusu wote watano, kazi ya kubagua iachie Security.

Na ukifika Security usiishie kuongeza majina. Diski iliyotoka kufomatiwa NTFS humpa kila mwenye akaunti haki ya kusoma na kubadilisha, na kila folda mpya inarithi haki hiyo. Ukimwongeza mama kwenye folda ya mama, wengine bado wamo! Ingia Advanced, bofya Disable inheritance, kubali ruhusa zilizorithiwa zigeuke kuwa za folda yenyewe, halafu waondoe Authenticated Users na Users. Wabaki SYSTEM, Administrators na mwenye folda. Usiguse Deny. Ukiandika Deny kwa Everyone umejifungia nje na wewe mwenyewe, kwa sababu katazo hulishinda ruhusu.

Moja zaidi. Faili ikihamishwa kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile, huja na ruhusa za kule ilikotoka. Ikinakiliwa, inachukua ruhusa za inakofika. Kwa hiyo vipimo vya mama usivihamishe kutoka folda ya wote. Vinakili kwenye folda yake, kisha vifute vya zamani.

mshumaa77, sina ugomvi nawe, ila dola inaondoa jina kwenye orodha tu. Anayelijua au kulikisia akiandika \\sebuleni\mama$ anaingia moja kwa moja. Kijana wa miaka 12 hahitaji wiki nzima kugundua hilo.

mshumaa77

Sawa mkuu, nimeelewa. Mimi nyumbani nakaa peke yangu, sikuwahi kuijaribu kwa mtu anayetafuta.

Nuru_K

Ni exFAT. Nimesoma huo mstari nikahisi kama mtu aliyekuwa akisukuma ukuta akidhani ni mlango.

Ijumaa usiku niliazima diski kwa mfanyakazi mwenzangu, nikaanza kunakili saa tatu usiku, asubuhi ikawa bado inaendelea. Jumamosi nikafomati na kutengeneza akaunti tano. Kila mmoja nilimwita akae mbele ya kompyuta aandike paswedi yake mwenyewe, mimi nimegeuza uso. Mama aliandika yake kwa kidole kimoja, polepole, halafu akaniuliza kama nimeona. Nikamwambia sijaona. Akatabasamu.

Nilipomaliza nikamwomba mwanangu ajaribu kuingia folda ya bibi. Akapata ujumbe wa kukataliwa. Akajaribu ya dada yake, akakataliwa. Ya kwake ikafunguka. Akasema, "Kumbe na mimi ninayo." Sikutegemea kwamba hilo ndilo lingemfurahisha.

Ila yamebaki mambo mawili, na la pili limenitisha.

La kwanza, mwanangu huazima laptopu ya baba yake kwa kazi za shule. Akiwa humo anafungua folda ya baba yake bila kuulizwa chochote. Akijaribu kuingia kwa jina lake, Windows inagoma, inasema haiwezekani kuunganishwa na kompyuta moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja.

La pili, jana jioni tumekaa, mume wangu akawasha televisheni aonyeshe picha za safari. Kwenye orodha ya picha za hivi karibuni zikatokea kurasa za majibu ya mama. Zilezile! Nilikuwa nimezihifadhi kama JPEG. Mume wangu alizima upesi, na nashukuru Mungu watoto walikuwa nje. Lakini folda nimeifunga, nimehakikisha kwa akaunti nne tofauti. Televisheni haina akaunti. Inaingiaje?

Bahari_Tulivu

Dada, hilo la televisheni lilinipata na mimi, kwangu zilikuwa picha za jeraha la upasuaji nilizompigia daktari. Ngoja nikueleze.

Televisheni haiingii kwenye folda zenu. Kwenye ile kompyuta kuna programu ya kurusha picha na video, inayotumia utaratibu unaoitwa DLNA. Programu hiyo ndiyo inayosoma diski, inatengeneza orodha, kisha inaitangazia nyumba nzima. DLNA haiulizi jina wala paswedi. Kifaa chochote kilichomo kwenye mtandao wenu kinaweza kuomba orodha na kupewa. Na programu yenyewe mara nyingi huendeshwa na mfumo, yaani yule SYSTEM uliyeambiwa umwache. Ndiyo maana kufuli zako hazikuizuia.

Fungua mipangilio ya programu hiyo uangalie imeelekezwa wapi. Bila shaka imeelekezwa diski nzima. Ifutie yote, uielekeze folda ya picha za wote peke yake. Kisha uiamuru ijenge orodha upya, kwa sababu ile ya zamani pamoja na vile vipicha vidogo inaweza kuwa bado imehifadhiwa. Mimi nilibadilisha folda tu, picha zikaendelea kuonekana siku nzima. Baada ya kujenga upya, washa televisheni ukiwa peke yako na upitie orodha hadi mwisho.

Ukiweza, hizo skani zigeuze ziwe PDF. Haifungi chochote, ila programu za picha kwa kawaida hazikusanyi PDF.

FundiWaya

Ahsante Bahari, hilo la televisheni nilipaswa kulitaja tangu mwanzo.

Kuhusu laptopu ya baba: Windows imehifadhi jina na paswedi yake, kwa hiyo yeyote anayekaa kwenye akaunti yake ya laptopu anakuwa yeye. Kompyuta ya sebuleni haioni sura, inaona jina. Tengenezea kijana akaunti yake ndani ya laptopu hiyo, tena akaunti ya kawaida, isiwe ya msimamizi. Ukiipa jina lilelile na paswedi ileile ya sebuleni, ataingia kwenye folda yake bila hata kuulizwa. Kule kugoma kwa majina mawili kutaisha, kwa sababu kila akaunti ina muunganisho wake. Ukitaka kukata muunganisho uliopo sasa hivi, fungua kisanduku cha amri uandike net use * /delete, kisha uondoe paswedi iliyohifadhiwa kwenye Credential Manager.

Na uwaonye wote: faili ikifutwa kupitia mtandao kwenye mpangilio kama wenu haipiti kwenye pipa la taka. Inapotea papo hapo.

mzee_wa_seva

Nimeusoma uzi wote. Ushauri ni mzuri, lakini kuna swali ambalo hamjamuuliza binti yangu Nuru: msimamizi wa kompyuta hiyo ni nani?

Mwenye akaunti ya msimamizi anaweza kujichukulia umiliki wa folda yoyote. Wala haihitaji ujuzi. Akiwa kwenye kiti, akibofya folda iliyofungwa, Windows inamwambia kwa sasa huna ruhusa, bofya Continue upate. Akibofya mara moja tu, jina lake linaandikwa kwenye ruhusa za folda hiyo na linabaki. Uzuri wake mdogo ni kwamba alama inaonekana: ukikuta kwenye folda jina ambalo hukuliweka wewe, umejua nani amepita.

Jingine, hiyo ni diski ya nje. Waya mmoja wa USB. Mtu akiichomoa na kuichomeka kwenye kompyuta ambayo yeye ndiye msimamizi, ruhusa zote za NTFS anazipita kwa Continue hiyohiyo. Ruhusa zinalindwa na kompyuta iliyozisimamia, diski ikiwa peke yake haijilindi.

Kwa hiyo gawanya mambo mafungu mawili. Yale ambayo mtu asikutane nayo kwa bahati mbaya, ruhusa ulizoweka zinatosha kabisa. Yale ambayo hata msimamizi hapaswi kuyaona, yasimbwe, yaani yageuzwe yasisomeke bila paswedi. Cryptomator inasimba faili moja moja ndani ya folda, hiyo ndiyo rahisi kwa matumizi ya mtandaoni. VeraCrypt inatengeneza sanduku moja kubwa, na hilo lisifunguliwe na watu wawili kutoka kompyuta mbili kwa wakati mmoja, litaharibika. Kwa zote mbili, paswedi ikisahaulika hakuna wa kukusaidia. Iandikwe kwenye karatasi, na karatasi iwe na mwenyewe.

Mwisho, Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Panga kuhama. Kompyuta hiyohiyo ikiwekwa Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na Samba, programu yake ya kushiriki folda mtandaoni, itafanya kazi yote hii, na kwenye Samba kuna mstari mmoja, hide unreadable = yes, unaofanya mtu asione hata jina la folda asiyoruhusiwa. Kwa hali ya mama yako, jina "vipimo" lenyewe lilikuwa limeshasema mengi.

Nuru_K

Shikamoo mzee. Hilo la jina limenigusa, kwa kweli sikuwa nimelifikiria. Folda sasa inaitwa kwa jina la mama tu, na zote tano zinafanana.

Msimamizi ni mimi. Na swali lako binti yangu alikuwa ameshaniuliza Jumamosi, nikakosa jibu: "Kwa hiyo wewe unaweza kuingia ya kwangu?" Nilimwambia ukweli, naweza. Akanyamaza. Ana daftari anakoandika mambo yake, yamo humo kwenye folda.

Nimelifikiria siku mbili. Mume wangu aliona tubaki na uwezo wa kuangalia, huyu bado ni mtoto chini ya paa letu. Namwelewa. Lakini nilimkumbuka mama akisema alikuwa anatafuta siku ya kuwaambia mwenyewe, nikajiuliza kama binti naye hana mambo anayoyatafutia siku. Ningejua kuna hatari ningemuuliza uso kwa uso. Kupekua usiku nisingependa. Tukakubaliana. Jana nilikaa naye tukaweka Cryptomator kwenye folda yake, paswedi kaandika yeye, karatasi anayo yeye. Nimemweleza kwamba akiisahau siwezi kumwokoa. Amesema anajua.

Televisheni nimeipitia orodha yote, ziko picha za wote peke yake. Laptopu ya baba ina akaunti mbili.

Nilikuwa nimekuja kuwashukuru, ila wakati naandika nimekumbuka kitu. Ile diski niliyoazima ya kunakilia bado iko kwenye droo yangu. Ina kila kitu, cha kila mtu, na ni exFAT. Nilikuwa nairudisha kazini kesho.

FundiWaya

Usiirudishe kesho!

Kufuta faili peke yake hakutoshi, na ile fomati ya haraka pia haitoshi. Programu za kurejesha faili zinazitoa. Nakala yako nzima ikishahakikishwa kwenye diski kuu, fomati hiyo ya kuazima huku umeondoa alama kwenye Quick Format. Itapita diski yote ikiandika sifuri, kwa hiyo iache usiku kucha. Hapo mrudishie mwenyewe na shukrani.

Lakini usibaki bila nakala ya akiba. Tafuta diski yenu wenyewe, uisimbe yote kwa VeraCrypt kabla ya kuweka faili hata moja. Toleo la Home la Windows halikuruhusu kuisimba kwa BitLocker, programu ya kusimba ya Windows yenyewe, ndiyo maana nasema VeraCrypt. Nakala ya akiba ina siri za nyumba nzima mahali pamoja, na ndiyo inayokaa kwenye droo isiyofungwa.

Nuru_K

Imeandika sifuri kwa muda wa saa kumi na moja, nimeirudisha leo. Diski yetu mpya imesimbwa, paswedi tunazo mimi na mume wangu.

Jumapili mama aliwaita wajukuu chumbani kwake, akafunga mlango, akawaambia mwenyewe. Walikaa humo karibu saa nzima. Alipotoka akaniomba nimwongeze binti kwenye folda yake, awe anamsomea tarehe za miadi na dozi. Nikamuuliza na mdogo wake je. Akasema huyo bado kidogo. Kwa hiyo folda ya mama sasa ina majina mawili, la pili lina Read peke yake.